Unguja na Waya Mmoja wa Baharini

Katika mijadala ya nishati ya Afrika Mashariki, kipimo kinachotajwa kuliko vyote ni megawati: zinafuliwa ngapi, zinahitajika ngapi, bwawa jipya litaongeza ngapi, na kaya ngapi zimekwisha kuunganishwa. Kipimo hicho kina uzito wake, kwani nchi isiyokuwa na umeme wa kutosha haiwezi kuendesha viwanda wala hospitali, lakini kinanyamaza kuhusu njia ambazo umeme hupitia kabla ya kumfikia mtumiaji, idadi ya njia hizo, na shughuli nyingine zote ambazo jamii imezifunga kwenye njia hizo, mara nyingi bila ya kukaa na kuamua. Kisiwa cha Unguja kilizimika mara mbili katika muda usiofika miaka miwili, mara ya kwanza kwa takriban wiki nne katikati ya mwaka 2008, na mara ya pili kwa karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, na katika nyakati zote mbili mitambo ya Tanzania Bara ilikuwa ikiendelea kufua umeme. Matukio hayo yalishughulikiwa kama upungufu wa umeme, ilhali yalikuwa upungufu wa njia na wa akiba, na usomaji huo wa makosa ndio unaoeleza kwa nini fedha nyingi zilizotumika baadaye zimekiongezea kisiwa umeme kuliko zilivyokipunguzia hatari.

Gridi ni mtandao unaounganisha mitambo ya kufua umeme, njia za msongo mkubwa zinazousafirisha, vituo vya kupozea umeme ambamo transfoma hushusha msongo huo, na nyaya za mitaani zinazoufikisha majumbani. Tofauti na mahindi au mafuta ya taa, umeme wa gridi haukai ghalani, isipokuwa kwa kiasi kidogo pale penye betri kubwa. Kinachofuliwa katika sekunde fulani lazima kilingane na kinachotumika katika sekunde ileile. Mizani hiyo husomwa kwenye idadi ya mizunguko ya mkondo, ambayo katika nchi za Afrika Mashariki imewekwa kuwa mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Matumizi yakizidi ufuaji, mashine hulemewa na mizunguko hushuka. Ufuaji ukizidi matumizi, mizunguko hupanda. Inaposhuka kupita kiwango kilichowekwa, vifaa vya ulinzi hukata baadhi ya maeneo ili kuyaokoa mengine, na visipowahi kufanya hivyo, mashine zenyewe hujitoa moja baada ya nyingine ili zisiharibike, kila moja ikiziachia zilizobaki mzigo mzito zaidi, mpaka inapofika dakika ambayo hakuna iliyobaki.

Kenya ilipata mfano wa jambo hili tarehe 7 Juni 2016, pale tumbili alipopanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kimojawapo cha vituo vya maji vya mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ilijizima, mashine nyingine za kituo hicho zikalemewa na kujitoa, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mara moja, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Mnyama mwenyewe alinusurika na kukabidhiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, habari yake ikazunguka dunia kama kichekesho, na kampuni ya KenGen ikaeleza kwamba vituo vyake vimezungushiwa uzio wa umeme wa kuzuia wanyama. Maelezo hayo yalijibu swali dogo. Swali kubwa lilihusu nchi yenye mitambo ya maji, ya mvuke wa ardhini na ya mafuta, iliyotawanyika kutoka Bonde la Ufa hadi Mombasa, ambayo bado haikuwa na akiba inayozunguka, yaani mashine zilizokwisha kuwaka na kuachwa na nafasi ya kuchukua mzigo wa mwenzao anapoanguka, ya kutosha kuziba pengo la kituo kimoja. Miaka saba baadaye, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi yote ilizimika tena, safari hii wasambazaji wa umeme na wamiliki wa mitambo ya upepo ya Turkana wakitofautiana juu ya nani alianza kuanguka, huku abiria wa Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta wakikaa gizani kwa sababu jenereta ya akiba ya sehemu mojawapo ya uwanja haikuwaka.

Wahandisi wa umeme wana kanuni wanayoiita N kutoa moja. Maana yake ni kwamba mtandao wenye viungo muhimu vya idadi ya N, viwe ni mitambo, njia au transfoma, unapaswa kuendelea kuwahudumia watu wote hata pale kiungo kimoja, tena kile kikubwa kuliko vyote, kinapotoka ghafla. Ni kanuni ya watu waliokwisha kukata tamaa ya kuzuia kila ajali, na kwa hiyo wanajenga kwa kudhani kwamba ajali itatokea, kisha wanauliza nini kitabaki. Kwa Unguja ya mwaka 2008 hesabu hiyo ilikuwa fupi sana, kwa sababu N yenyewe ilikuwa moja.

Hali hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliuletea mji wa Unguja mambo mawili ambayo yanafaa kutazamwa pamoja. La kwanza ni taa za umeme, zilizowaka katika jumba lake la Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, na zilizowashangaza watu kiasi cha kutosha kulipa jumba hilo jina lake. La pili ni maji, yaliyovutwa kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini kwa mfereji na mabomba, yakishuka kwa mteremko wa ardhi bila ya mashine yoyote ya kuyasukuma. Taa za Barghash zilikuwa fahari ya jumba na zilipozimika hazikumdhuru mtu, na maji yake, ambayo mji mzima uliyahitaji, hayakuijua taa. Kwa muda mrefu mifumo hiyo miwili ilikwenda kila mmoja njia yake, na kuunganishwa kwake, kulikofanyika hatua kwa hatua kadiri mji ulivyotanuka na visima virefu vyenye pampu za umeme vilivyochimbwa, ni mojawapo ya mabadiliko makubwa ya kisiwa hicho ambayo hayana tarehe wala sherehe ya uzinduzi.

Umeme wa mji ulitoka kwa miaka mingi katika mashine za dizeli za Saateni, ambazo zilikuwa na kelele, zilikula mafuta mengi, na hazikuweza kufika mbali na mji. Mwaka 1980, kwa msaada wa Norway, ilitandazwa kebo ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, kusini mwa Unguja, umbali usiofika kilomita 40, yenye msongo wa kilovoti 132 na uwezo wa kupitisha megawati 45. Kutoka Fumba umeme ulipanda kwenye nguzo hadi kituo cha kupozea cha Mtoni, na kutoka hapo ukagawanywa mjini na mashamba. Ulikuwa uamuzi wa busara, na anayeutazama leo kwa jicho la lawama peke yake hautendei haki: umeme wa maji wa bwawa la Kidatu, Bara, ulikuwa nafuu kuliko wa dizeli, vijiji kama Uroa na Makunduchi vikapata nyaya ambazo Saateni isingeweza kuzifikisha, na hoteli za pwani ya mashariki zikapata pa kushika. Lakini kebo ilipokwisha kufanya kazi, sababu ya kuzitunza mashine za Saateni ilitoweka, zikachakaa, na kisiwa kikabadilisha umeme ghali uliokuwa mikononi mwake kwa umeme nafuu uliokuwa na mlango mmoja.

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 mlango huo ulifungika. Kebo, iliyokuwa na umri wa miaka 28, ilipata hitilafu, Unguja nzima ikazimika, na umeme haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Kuikarabati kebo ya baharini ya msongo mkubwa hakufanani na kuubadilisha waya wa nguzo uliokatwa na tawi la mwembe; kunahitaji vipuri ambavyo havikai dukani na mafundi wachache wa fani hiyo ambao hutoka ng'ambo, na wananchi wasiokuwa na habari hizo walibaki wakiambiwa tarehe zilizokuwa zikisogezwa mbele.

Giza lenyewe halikuwa tatizo kubwa. Watu wa Unguja walikuwa na kandili na koroboi, wengine hawakuwahi kuziacha, na mishumaa ilikuwapo madukani hata kama bei yake ilipanda. Chakula nacho kilipikwa karibu kama kawaida, kwa sababu jiko la nyumba nyingi lilikuwa la kuni au la mkaa. Mwanaanthropolojia Tanja Winther, aliyeishi Uroa na kuandika juu ya namna umeme ulivyobadilisha kijiji hicho, alieleza jinsi wanakijiji walivyoukaribisha umeme sebuleni na kuuzuia usiingie jikoni, kwa sababu za gharama, za ladha ya chakula na za namna mapishi yanavyofungamana na nafasi ya mwanamke nyumbani. Kusita huko, ambako mtaalamu wa maendeleo angekuhesabu kuwa ni kuchelewa, kulizipa kaya hizo kinga ambayo hakuna aliyeipanga.

Tatizo lilikuwa maji. Mfumo wa maji wa mjini ulikwisha kuwa mfumo wa pampu: maji hutolewa katika visima virefu, husukumwa hadi kwenye matangi yaliyo juu, na kutoka huko hushuka kwa uzito wake hadi kwenye bomba la nyumba, ambako wakazi wa ghorofa huyapandisha tena kwa pampu zao ndogo. Umeme ukikatika, maji yaliyomo kwenye tangi huendelea kutoka kwa saa chache, kisha hupungua nguvu, kisha bomba hutoa hewa. Hatari ya hatua hiyo ya mwisho haionekani kwa macho. Bomba lililojaa maji yenye shinikizo husukuma uchafu nje hata likiwa na nyufa, lakini bomba tupu hunyonya, na lile linalopita karibu na karo, yaani shimo la maji machafu ambalo karibu kila nyumba ya mitaa ya Ng'ambo inalo, huvuta ndani kile kilichomo ardhini. Wale waliorudi kwenye visima vifupi vya zamani hawakuwa salama zaidi, kwa sababu ardhi ya Unguja kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe yenye matundu, ambamo maji ya makaro husafiri upesi bila ya kuchujwa. Kwa hiyo hitilafu iliyotokea kwenye kebo ya baharini iliishia kwenye ndoo ya mama wa mtaa wa Mwembemakumbi, ambaye huenda hakuwahi hata kuingiza umeme nyumbani kwake. Hiyo ndiyo maana kamili ya utegemezi: haumhusu mteja wa shirika la umeme tu, bali humpata hata asiyekuwa na mita.

Upande wa kazi, mgawanyo wa maumivu ulifuata mfuko. Hoteli kubwa zilikuwa na majenereta na ziliendelea, kwa gharama. Wafanyabiashara wa kati walinunua vijenereta vidogo vya petroli, vilivyojaza moshi na kelele katika vichochoro vya Mji Mkongwe ambavyo havikujengwa kupitisha hewa ya namna hiyo. Na mchomeleaji, fundi cherehani wa mashine ya umeme, kinyozi, msaga nafaka na muuza barafu walikaa. Barafu si kitu kidogo katika mji wa wavuvi, kwani samaki anayefika soko la Darajani asubuhi bila ya barafu lazima auzwe kabla jua halijawa kali, na mnunuzi anayelijua hilo husubiri tu bei ianguke yenyewe. Mchumi Alfredo Burlando, aliyechunguza takwimu za wakati huo, alionyesha kwamba saa za kazi na kipato cha watu wenye kazi zinazotegemea umeme vilishuka kwa ghafla katika mwezi ule, na alipopitia kumbukumbu za wodi ya wazazi alikuta kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza walizaliwa wakiwa na uzito mdogo kuliko wengine kwa wastani. Aligundua pia kwamba idadi ya watoto waliozaliwa iliongezeka miezi minane hadi kumi baada ya kuzimika kwa umeme, matokeo ambayo watu huyasimulia kwa kicheko, lakini yale ya uzito ndiyo yanayostahili kukumbukwa, kwa sababu umeme ulirudi baada ya wiki nne na mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo huingia duniani na upungufu ambao hakuna fundi atakayekuja kuurekebisha.

Katika wiki zilezile Pemba ilikuwa na umeme. Kisiwa hicho, ambacho katika mazungumzo ya maendeleo ya Zanzibar hutajwa kila mara kuwa kiko nyuma, hakikuwa kimeunganishwa na Bara, na kiliendeshwa kwa mashine za dizeli za Wesha, ambazo zilikuwa ghali, zilikatika mara kwa mara na zililalamikiwa na kila mtu. Ubaya wake ulikuwa wa kila siku na mdogo mdogo, na kwa sababu hiyo watu walikwisha kujipanga nao, ilhali uzuri wa kebo ya Unguja ulikuwa wa kila siku na ubaya wake ukaja wote kwa pamoja. Mwezi Juni 2010, miezi mitatu tu baada ya giza la pili la Unguja kwisha, Pemba nayo iliunganishwa na Tanga kwa kebo moja ya chini ya bahari, kwa msaada uleule wa Norway. Furaha ya Wapemba ilikuwa ya haki, maana umeme ulikuwa bora na mwingi kuliko wa Wesha, lakini ni vigumu kutoona ajabu ya kisiwa kimoja kuingia katika mpango uleule ambao kisiwa jirani kilikuwa kimetoka kuulipia.

Giza hilo la pili lilianza tarehe 10 Desemba 2009, likavuka mwaka mpya, na likaendelea hadi mwezi Machi 2010. Halikufundisha jambo jipya. Lilifundisha lilelile kwa muda mrefu zaidi, na kuthibitisha kwamba ukarabati wa mwaka 2008 ulikirudisha kisiwa pale kilipokuwa, bila ya kukisogeza hatua. Baada yake yalifungwa majenereta ya dizeli katika kituo cha Mtoni, kwa fedha za Serikali ya Zanzibar na za wafadhili, yenye uwezo wa kubeba sehemu tu ya mahitaji ya kisiwa. Kisha, mwaka 2013, ilizinduliwa kebo mpya ya megawati 100, iliyolipiwa na Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, na kwa hiyo uwezo wa kupitisha umeme kwenda Unguja ukazidi mara mbili ya ule wa kebo ya zamani.

Kebo hiyo mpya ndiyo inayodhihirisha tofauti kati ya wingi na uhimilivu. Inatoka Ras Kiromoni na kufika Ras Fumba, kama ile ya kwanza. Inalishwa kwa msongo wa kilovoti 132 kutoka Ubungo kupitia Tegeta, na huvuka mkondo uleule ambamo meli hupita na nanga hutupwa. Kebo mbili zinazoanzia sehemu moja na kuishia sehemu moja hulinda dhidi ya hitilafu ya kebo, jambo ambalo si dogo, lakini hazilindi dhidi ya hitilafu ya kituo, ya njia ya Bara, au ya gridi yenyewe. Aidha, kadiri mahitaji ya Unguja yalivyoongezeka kila mwaka, kwa hoteli mpya, majumba mapya na viyoyozi, ndivyo kebo kubwa ilivyozidi kuwa kiungo kisicho na mbadala, kwa sababu megawati 45 za kebo ya zamani na mashine za Mtoni haziwezi kuubeba mzigo ulioizoea ile ya megawati 100. Ndiyo maana kisiwa kinaweza kununua njia ya pili na bado kurudi kwenye hesabu ya N sawa na moja, bila ya mtu yeyote kufanya uzembe, kwa sababu tu nafasi iliyonunuliwa kuwa akiba imeliwa na matumizi.

Wakati huohuo, mambo yaliyofungwa kwenye waya yameongezeka. Mwaka 2008 fedha nyingi za Unguja bado zilikuwa noti, na mtu aliyekosa umeme aliweza kununua unga kwa mkono. Leo mshahara, ada ya shule, nauli ya boti na hata deni la dukani hupita kwenye simu, ambayo inahitaji chaji, na kwenye minara ya mawasiliano, ambayo ina betri za saa chache na jenereta zinazohitaji mafuta, ambayo nayo hutolewa kwenye tangi la kituo kwa pampu ya umeme. Umeme wenyewe hununuliwa kwa njia hiyo: mita za malipo ya kabla, ambazo Unguja huitwa Tukuza na Bara huitwa Luku, hulishwa kwa namba zinazoletwa na simu. Jiko nalo, lililobaki nje ya waya kwa ukaidi wa wapishi, limo mbioni kuingizwa. Tanzania ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, gesi na umeme vikiwa mbele. Mkakati huo ni mzuri kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu, na hakuna sababu ya kuupinga. Ila kila jiko la mkaa linaloondolewa huongeza kitu kimoja zaidi kitakachosimama siku waya utakaposimama, na mtu hataukuta mstari wa bajeti unaolihesabu hilo.

Kuna pia hatari inayotoka mbali zaidi. Mwaka 2024 Gridi ya Taifa ya Tanzania ilizimika yote, na Unguja, ambayo kebo zake zilikuwa nzima, ikazimika nayo. Kuiwasha gridi iliyozimika kabisa ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtambo mkubwa huhitaji umeme ili uanze kutoa umeme: pampu za mafuta ya vilainishi, milango ya maji, vifaa vya kuongozea na sumaku za jenereta vyote vinataka mkondo kabla ya mashine kuzunguka. Huanzwa na mtambo mdogo wenye jenereta au betri yake, mara nyingi wa maji, ambao huwasha kipande kimoja cha njia, kipande hicho kikaamsha mtambo wa pili, na mzigo wa watumiaji ukaongezwa kidogo kidogo ili mizunguko isiyumbe na kazi yote ikaanguka upya. Katika mpangilio huo aliye mwisho wa njia husubiri mwisho. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, limeondoa kwa kiasi kikubwa hofu ya upungufu, lakini limeleta swali lake, maana mashine moja tu ya bwawa hilo ikijitoa ghafla huacha pengo kubwa kuliko lile lililoiangusha Kenya siku ya tumbili.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kuongeza miunganisho, na kwa kiwango cha kanda jibu hilo lina mantiki: njia ya kilovoti 400 kati ya Isinya na Singida sasa inazifungamanisha Kenya na Tanzania, na Kenya inapokea umeme wa Ethiopia kwa njia ndefu inayofika Suswa, kiasi kwamba jirani anaweza kumshika mwenzake anapoyumba. Anaweza pia kumvuta, na wahandisi wa pande zote wanalijua hilo. Kwa kisiwa, hata hivyo, muunganisho zaidi wa upande mmoja hautoshi, na kinachohitajika ni uwezo wa kusimama peke yake kwa muda, angalau kwa mambo yasiyoweza kusubiri. Mradi wa nishati wa Zanzibar ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 umeweka ndani yake umeme wa jua na betri kubwa, na huo ni mwelekeo sahihi, ingawa mtambo wa jua uliofungwa kwa namna ya kawaida hujizima mara gridi inapozimika, ili usimuue fundi anayedhani waya hauna moto. Ili uendelee, lazima uwe umewekewa tangu mwanzo vifaa vya kujitenga na gridi na kushika mizunguko yake wenyewe, na vifaa hivyo huongeza gharama ambayo haionekani faida yake mpaka siku ya giza.

Gharama ndiyo hoja kuu ya wanaopinga akiba, na si hoja ya kubezwa. Jenereta iliyokaa bure hula vipuri, betri huzeeka ikiwa imetumika au haikutumika, na shirika la umeme ambalo wateja wake wanalalamikia bei haliwezi kuwaambia kwa urahisi kwamba sehemu ya bei hiyo inalipia kitu ambacho wanaombewa kisitumike. Hata hivyo hoja hiyo hudhani kwamba akiba lazima iwe ya kisiwa kizima, jambo ambalo si kweli. Ofisi inaweza kusubiri, kiyoyozi kinaweza kusubiri, hata televisheni inaweza kusubiri. Kisima hakiwezi, wala chumba cha upasuaji cha Hospitali ya Mnazi Mmoja. Na maji yana sifa ambayo umeme hauna: yanakaa ghalani. Pampu ya kisima inayoendeshwa kwa jua mchana na kujaza tangi lililo juu haihitaji betri kubwa, kwa sababu tangi lenyewe ndilo akiba, na kutoka kwenye tangi maji hushuka usiku kucha kwa mteremko, kwa namna ambayo Barghash aliifahamu bila ya kuwa na mhandisi wa umeme.

Zanzibar ina bahati ya kitaasisi ambayo haijatumika. Mamlaka ya Maji ndiyo inayomiliki visima, Shirika la Umeme ndilo linalomiliki nyaya, na kila moja huweza kuielekezea nyingine kidole bomba linapokauka. Lakini zote mbili zinasimamiwa na mdhibiti mmoja, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mdhibiti wa namna hiyo ana uwezo wa kuweka sharti ambalo wizara moja peke yake isingeliweka: kwamba kila kituo cha maji kinachohudumia mji kithibitishe, kwa kuzimwa kweli umeme wake mara moja kwa mwaka mbele ya mkaguzi, kuwa kinaweza kutoa maji kwa idadi maalumu ya siku bila ya gridi, na kwamba gharama ya kufikia kiwango hicho iingizwe waziwazi katika bei ya uniti ya maji na ya umeme, ili mlipaji ajue analipia nini. Idadi ya siku ni jambo la kujadiliwa na wahandisi na wahasibu. Wiki nne za mwaka 2008 huenda zikawa ghali mno kuzikinga, saa 48 zikawa chache mno, na mahali popote katikati ya hapo panahitaji kutetewa kwa hesabu mbele ya umma.